Mnyororo, Shada au Kofia: kuchagua senti moja ya shaba ya Marekani ya mwaka 1793

Kati ya Machi na Septemba 1793, kiwanda kipya cha sarafu cha serikali ya Marekani, kilichokuwa mjini Philadelphia, kilitoa senti za shaba za sura tatu tofauti. Ya kwanza ilibeba mnyororo wa pete kumi na tano upande wa nyuma, ya pili ikaja na shada la majani, na ya tatu ikamwonyesha Uhuru, yule mwanamke aliyekuwa alama ya taifa changa, akiwa na kofia iliyochomekwa kwenye ufito nyuma ya bega lake. Kwa hesabu zinazokubalika, zilitoka sarafu 36,103 za mnyororo, 63,353 za shada na 11,056 za kofia. Jumla yake ni 110,512, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1790 ilikuwa imehesabu watu karibu milioni nne, yaani sarafu moja kwa kila watu thelathini na watano hivi. Na hizo chache zilipita sokoni na mifukoni kwa miongo mingi, kwani senti kubwa ya shaba haikukomeshwa mpaka sheria ya Februari 1857.

Mkusanyaji anayetaka kumiliki sarafu moja tu ya mwaka huo, na ambaye hana mamilioni ya kununulia kipande kisichowahi kutumika, mara nyingi huishia kutafuta katika daraja linaloandikwa kwa herufi F. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa aina zote tatu zinapatikana katika daraja hilo, kila moja ina mvuto wake, na mfuko wa kawaida hauwezi kuzibeba zote. Nitazilinganisha hapa katika daraja hilo hilo moja, kwa maana kumshindanisha mnunuzi wa shada lililo safi na mnunuzi wa mnyororo uliolika kabisa hakumsaidii yeyote kati yao.

Daraja la F lina maana gani

Ngazi ya madaraja inayotumika leo, inayoanzia 1 na kuishia 70, ilitungwa na William Sheldon na kuchapishwa mwaka 1949 kwa ajili ya senti hizi hizi za shaba, ndipo baadaye ikachukuliwa na wakusanyaji wa sarafu za kila namna. Katika ngazi hiyo F ina nambari mbili, 12 na 15. Sarafu ya daraja hili imetumika sana lakini haijachoka: maandishi yote yanasomeka, tarehe iko wazi, mashungi makubwa ya nywele bado yanatengana, ingawa nyuzi ndogo ndogo zimekwisha kulainika na shavu limekuwa bapa.

Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi mgeni hulikosa, nami ninalihesabu kuwa ndilo zito kuliko yote. Sarafu hufika daraja la F kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya uaminifu, ambapo sarafu imelika polepole mikononi mwa watu, na uso wake umebaki laini, wa rangi moja, kama tende iliyoiva vizuri. Njia ya pili ni ya hesabu, ambapo sarafu ina mchoro mkali unaostahili daraja la juu zaidi, tuseme 20 au 25, lakini uso wake umeliwa na kutu au una mikwaruzo, hivyo wataalamu wakaishusha hadi 12 ili bei yake ilingane na hali yake halisi. Wakusanyaji wa shaba wa chama cha Early American Coppers, kilichoanzishwa mwaka 1967, wamezoea kuandika mambo yote mawili, ukali wa mchoro kwanza na daraja lililobaki baada ya makato, na kwa kawaida wao ni wakali zaidi kuliko kampuni zinazofungia sarafu ndani ya vikasha vya plastiki. Kwa sababu hiyo, sarafu mbili zenye F-12 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anayenunua kwa kuangalia nambari peke yake hajui bado anachonunua.

Vigezo nitakavyotumia

Kila aina nitaipima kwa mambo sita: historia yake, upatikanaji wake, kinachobaki kwenye mchoro baada ya kulika hadi F, hali ya kawaida ya uso wa shaba yake, hatari ya kuuziwa bandia, na bei pamoja na urahisi wa kuiuza tena. Si vigezo vyote vina uzito sawa. Kwa shaba ya miaka ile uso unakuja mbele, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kikinunua shaba popote ilipopatikana, ikiwemo shaba chakavu, kikaiyeyusha na kuikunjua chenyewe kwa mitambo duni. Vipande vizuri vya shaba, vilivyo tayari kupigwa chapa na vilivyoagizwa kutoka kwa Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, Uingereza, vilikuja miaka kadhaa baadaye. Shaba ya mwaka 1793 basi ina nyufa, matabaka yanayobanduka na uchafu uliomo ndani yake tangu siku ya kwanza, na kasoro hizo huzaa vishimo na weusi kadiri miaka inavyopita.

Nilijifunza kuusoma uso wa shaba kwenye sarafu za kwetu kabla ya kuzikaribia hizi. Mzee mmoja wa pwani aliniahidi pesa za shaba za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, na kwa heshima ya mgeni akazisugua usiku kucha kwa ndimu na majivu ili nizikute safi. Asubuhi zilikuwa zinang'aa kwa rangi ya waridi iliyo mbichi, kama ngozi chini ya kidonda kilichobanduka gamba, na kingo za herufi zilikuwa zimekwisha kuwa butu. Nilimshukuru kwa moyo wote kwa ukarimu wake, na tangu siku hiyo sijawahi kuikosea rangi ile. Sarafu ya shaba ya miaka mia mbili yenye rangi ya waridi, au yenye rangi ya machungwa iliyo sawasawa kila mahali, imeguswa na mtu. Kwa msomaji aliyeko Zanzibar, Mombasa au Muscat, hizo pesa za zamani ni darasa zuri na la bei nafuu kabla ya kutuma dola nje.

Senti ya Mnyororo

Historia. Hii ndiyo sarafu ya kwanza ambayo kiwanda hicho kilipiga kwa ajili ya matumizi ya umma, na fungu la kwanza, sarafu 11,178, lilikabidhiwa mwanzoni mwa Machi 1793. Mchoro wake kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kazi ya Henry Voigt, fundi wa saa aliyekuwa mkuu wa upigaji sarafu. Pete kumi na tano zilisimama kwa majimbo kumi na tano, kwani Vermont na Kentucky zilikuwa zimekwisha kuungana na yale kumi na tatu ya mwanzo, na wazo la pete zilizoshikana lilikuwa limeonekana tayari kwenye senti ya Fugio, sarafu ya shaba ya Marekani ya mwaka 1787 iliyotangulia kiwanda hiki. Umma haukuupenda. Magazeti ya wakati huo yalilalamika kwamba mnyororo ni ishara mbaya kwa uhuru, na kwamba Uhuru mwenyewe, nywele zake zikiwa zimetimka nyuma, anaonekana kama mtu aliyeshtuka. Baada ya siku chache tu mchoro huo ukaachwa.

Upatikanaji. Zimebaki nyingi kuliko inavyotarajiwa, na kila mwaka minada mikubwa ya Marekani huwa na kadhaa. Wataalamu huzigawa kwa nambari za Sheldon, ambazo hutaja kalibu (mihuri ya chuma iliyopiga sarafu) wala si daraja, kuanzia S-1 hadi S-4. S-1 inatambulika kwa urahisi kwa sababu jina la nchi limefupishwa kuwa AMERI. na nukta, mchongaji akihofia, kama inavyodhaniwa, kwamba nafasi ingemwishia. S-4 ina nukta baada ya neno LIBERTY na baada ya tarehe. S-3 ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi, na mtu anayetaka aina tu bila kujali kalibu iliyotumika hana sababu ya kulipia zaidi ya hiyo.

Kinachobaki katika F. Sarafu hii haina ukingo ulioinuka wa kuukinga mchoro, na sura ya Uhuru ilichongwa kwa kina kidogo. Matokeo yake upande wa kichwa hulika haraka, na tarehe iliyo chini kabisa karibu na mwisho wa sarafu huwa ya kwanza kufifia. Upande wa nyuma ni kinyume chake kabisa: mnyororo ulichongwa kwa kina, ukiwa na pete nene, na hata kwenye sarafu ambayo kichwa kimekuwa kivuli tu, pete zote kumi na tano husimama imara pamoja na maneno ONE CENT yaliyo katikati yake. Kwa hiyo usihukumu mnyororo kwa upande wa nyuma. Geuza sarafu, tafuta tarehe, kisha angalia kama nywele zilizo nyuma ya shingo zina mawimbi au zimekuwa doa moja. Mnyororo wenye F ya haki una tarehe kamili, na nywele zake zinaonyesha mafungu.

Uso. Hali huwa ya mchanganyiko. Ziko zilizo laini za rangi ya kahawia, na ziko nyingi zenye vishimo vidogo vya kutu. Kwa kuwa mahitaji ni makubwa, sarafu zilizoharibika hutengenezwa: kutu hukwanguliwa, mandhari ya nyuma ya kichwa husawazishwa kwa chuma, nywele huchongwa upya, kisha yote hupakwa rangi. Chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, mahali palipokwanguliwa hung'aa kwa namna ya bati lililopigwa pasi, tofauti na sehemu zinazozunguka herufi ambako chuma hakikufika.

Bandia. Katika aina hizi tatu, hii ndiyo inayoigizwa sana. Karne ya 19 ilitoa nakala za umeme, ambazo ni magamba mawili ya shaba yaliyounganishwa na kujazwa risasi ndani, na siku hizi kuna nakala za kubuniwa kwa wingi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inadai nakala ziandikwe COPY, lakini nyingi haziandikwi. Uzito wa kisheria wa senti za mwaka 1793 ulikuwa greni 208, yaani karibu gramu 13.5, na sarafu ya daraja la F inapaswa kuwa pungufu kidogo tu ya hapo. Ubavu wake una mchoro wa mtambaa wenye majani uliokatizwa na vipande vya mistari ya wima, na palipo na mshono au ubavu mtupu, iache.

Bei na kuuza tena. Ni ghali sana kwa daraja lake, mara kadhaa ya bei ya shada lenye nambari ile ile. Lakini hakuna senti ya zamani inayouzika kwa urahisi kama hii, kwa sababu wanunuzi wake si wapenzi wa shaba peke yao. Mtu yeyote anayekusanya sarafu za Marekani kwa aina huihitaji.

Inamfaa anayetaka kushika mwanzo wenyewe, na ambaye yuko radhi kulipia historia kuliko uzuri wa mchoro.

Senti ya Shada

Historia. Baada ya malalamiko, mchoro mpya ulitoka Aprili na kuendelea hadi Julai 1793. Wengine humtaja Adam Eckfeldt kuwa mchongaji, wengine Voigt, na mimi sioni haja ya kumlazimisha msomaji achague. Jambo la hakika ni kwamba fundi huyo alielewa makosa ya sarafu iliyotangulia: uso wa Uhuru uliinuliwa, nywele zikapewa mtiririko, ukingo ukawekwa duara la shanga, na mnyororo ukaondolewa. Kati ya kichwa na tarehe kuna kitawi cha majani matatu. Katika sarafu nne tu zinazojulikana, kitawi hicho kina majani ya umbo lingine, ambayo wakusanyaji huyaita majani ya stroberi, na hizo hazihusiki na uchaguzi wa mtu wa kawaida.

Upatikanaji. Ndiyo iliyopigwa kwa wingi zaidi, na ndiyo iliyohifadhiwa vizuri zaidi. Nambari zake ni S-5 hadi S-11. Mnunuzi mwenye subira ya miezi michache ataweza kukataa tatu au nne zisizomridhisha kabla ya kuipata yake, na uhuru huo wa kukataa ni faida ambayo aina nyingine mbili hazikupi kwa kiwango hicho.

Kinachobaki katika F. Hapa shada linazishinda nyingine waziwazi. Ukingo wake wa shanga uliyabeba mapigo ya miaka, kwa hiyo tarehe na neno LIBERTY hubaki imara, kitawi kinaonekana jani kwa jani au karibu hivyo, na mashungi ya nywele yaliyo chini ya shingo bado yana mgawanyiko. Upande wa nyuma, majani ya shada na vichala vya matunda hutambulika, ingawa mishipa ya majani imekwisha kufutika.

Nilipoishika moja kwa mara ya kwanza, siku ya kukagua sarafu kabla ya mnada, sikuanza na kichwa. Niliishika kwa ncha za vidole viwili na kuizungusha taratibu chini ya taa, nikiufuata ule mtambaa wa ubavuni: jani, kisha jani, kisha vipande vya mistari, kisha jani tena, mpaka nikarudi nilikoanzia. Mkono wa mtu aliyetumia sarafu hii kununulia mkate haukuufikia ubavu kama ulivyoufikia uso, na hivyo pale pembeni palikuwa na sarafu mpya iliyojificha ndani ya ile ya zamani. Sarafu iliyofungiwa kwenye kikasha cha plastiki hukunyima sehemu kubwa ya furaha hiyo, ingawa inakupa uhakika, nami simlaumu anayechagua uhakika.

Shada lina jambo moja la ziada kwa anayependa ubavu. Sarafu za mwanzo zina mtambaa, ilhali nyingi za S-11 zina maandishi ONE HUNDRED FOR A DOLLAR, yaani mia moja ni dola moja, kwa hiyo aina hii peke yake inabeba namna zote mbili.

Uso. Kwa wastani ndio bora kati ya hizi tatu, lakini neno wastani lisikulaze. Kutu ya kijani inapatikana hapa pia, hasa ndani ya herufi na kati ya majani. Kutu iliyo ngumu na iliyotulia ni kasoro ya sura tu. Ile laini, yenye kung'olewa kwa ncha ya kijiti, bado inaila sarafu.

Bandia. Nakala zipo, ila hatari kubwa kwa shada ni kuchongwa upya kuliko kughushiwa. Nywele zenye mistari mikali mno juu ya shavu lililolika bapa ni ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kulika hakuruki sehemu moja na kuiacha nyingine.

Bei na kuuza tena. Ni ya chini kuliko zote tatu katika daraja la F, na ingawa bado ni maelfu ya dola, tofauti yake na mnyororo ni kubwa kiasi kwamba fedha za mnyororo mmoja wa F zingeweza kununua shada la daraja la juu zaidi, lenye uso safi. Hununuliwa tena bila shida, ila bila ile shauku ya kugombaniwa.

Inamfaa anayependa mchoro, anayetaka kuona kazi ya mchongaji kwa macho yake bila kuikisia, na anayeanza safari ya shaba za zamani.

Senti ya Kofia

Historia. Mchoro huu aliufanya Joseph Wright, msanii mwenye kipaji halisi, akiufuata kwa kiasi kikubwa mfano wa medali ya Libertas Americana iliyochongwa na Augustin Dupré huko Ufaransa. Uhuru hapa ametulia, nywele zimeachiwa, na kofia iliyo kwenye ufito ni ile ambayo Warumi wa kale walimpa mtumwa aliyeachwa huru. Sarafu hizo 11,056 zilikabidhiwa Septemba 1793, wakati homa ya manjano ikiuangamiza mji wa Philadelphia, ambako watu wapatao 5,000 walikufa, na Wright mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kiwanda kikafungwa kwa muda. Siwezi kuitazama sarafu hii nikamsahau mtu huyo, ambaye kazi yake iliingia sokoni wakati yeye akiingia kaburini.

Upatikanaji. Ni adimu kuliko zote tatu. Nambari zake ni S-12 hadi S-16, baadhi zikiwa adimu mno hata katika hali duni. Nyingi kati ya zilizobaki ziko chini ya F, kwa hiyo kile ambacho kwa shada ni daraja la kawaida, kwa kofia ni daraja la juu. Tegemea kungoja, pengine miaka.

Kinachobaki katika F. Shanga za ukingo huonekana kwa sehemu, kofia na ufito viko wazi, na mashungi mazito ya nywele bado yana umbo. Katikati ya upande wa nyuma huwa pamefifia mapema.

Uso. Hapa pana tatizo la kweli. Sarafu nyingi za aina hii ni nyeusi, zenye uso wa vinyweleo kama jiwe la matumbawe, na F yenye uso laini wa kahawia ni kitu ambacho wataalamu hukizungumzia kwa jina la mkusanyaji aliyekimiliki. Mtu anayeisaka lazima aamue mapema ni vishimo vingapi anavyoweza kuvivumilia, kwa kuwa kutokuvumilia hata kimoja ni sawa na kuamua kutokuinunua.

Bandia. Senti za mwaka 1794 zinafanana nazo sana na zilipigwa kwa mamia ya maelfu, kwa hiyo kishawishi cha kubadilisha tarakimu moja ya tarehe kipo. Kinga ni rahisi: kofia za 1793 zina duara la shanga ukingoni, na zile za 1794 zina meno. Palipo na meno na tarehe ya 1793, huna haja ya kuuliza zaidi. Ubavu lazima uwe na maandishi yale ya mia moja kwa dola, si mtambaa.

Bei na kuuza tena. Iko pamoja na mnyororo, na mara nyingine juu yake kama uso ni mzuri. Wanunuzi wake ni wachache lakini wana ujuzi na ari, hivyo iuzwe mahali ambapo wapenzi wa shaba hukutana, kwani mfanyabiashara wa sarafu za dhahabu pengine hataiona thamani yake.

Inamfaa mkusanyaji aliyekwisha kuzijua shaba, mwenye jicho la kupambanua weusi wa asili na weusi wa kupakwa.

Kwa hali yako

Kama fedha yako ni ya kununua shada la F na si zaidi, nunua shada, na usijisikie kwamba umekubali kilichobaki. Watu wenye uwezo wa kuzinunua zote tatu mara nyingi hulitaja shada kuwa ndilo wanalopenda kulitazama. Likubali lenye F-12 na uso laini kabla ya lenye F-15 na vishimo.

Kama moyo wako uko kwenye mnyororo lakini fedha hazifiki F, shuka daraja badala ya kushusha uso. Mnyororo wa daraja la chini, tuseme 6 au 8, wenye tarehe inayosomeka na rangi ya kahawia iliyo sawa, utakupa mnyororo wenyewe ukiwa karibu kamili, kwa sababu upande wa nyuma hauliki haraka. Kwa shada na kofia ushauri huu una nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa uzuri wao uko upande wa kichwa.

Kama unachotaka ni sura ile ya Uhuru mwenye kofia, na mwaka wenyewe si sharti, angalia senti ya 1794. Zilipigwa 918,521, zikiwa na namna nyingi za kalibu ambazo wakusanyaji wamezichambua kwa zaidi ya karne, na kwa bei ndogo sana kulinganisha na ya kofia ya 1793 utapata sarafu yenye uzito ule ule, ubavu wenye maandishi yale yale na mchoro wa ukoo mmoja.

Kama unanunua ukiwa mbali, bila kuishika sarafu kwanza, chukua iliyofungwa na kampuni inayotambulika kama PCGS au NGC, soma kama lebo ina neno linaloonyesha kasoro, na uombe picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Kwa mnunuzi wa namna hii kofia ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa picha huficha vinyweleo vyake, na shada ndilo lenye hatari ndogo.

Kama unaishi pwani, ambako hewa ya chumvi huingia mpaka kabatini, ikwepe sarafu yoyote yenye kutu laini ya kijani, hata ikiwa nafuu, na mnyororo au kofia yenye vinyweleo iwe ya mwisho katika mawazo yako, kwani vishimo hushika unyevu. Iliyo laini itatulia kama utaiweka mbali na plastiki laini ya PVC, ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha kila baada ya miezi michache.

Na kama tayari unayo moja, iliyotoka kwa ndugu aliyeishi Marekani au ndani ya sanduku la marehemu, ipime kwanza kwenye mizani ya sonara, uizungushe ubavu wake chini ya lenzi, ukaandike ulichokiona, na ndimu ibaki jikoni.